Aliyehudhuria ni Kaka Yangu

Kaka yangu ni mlinzi wa lango kwenye ghala la saruji, na watu wote wa pale wanamwita Komeo. Jina hilo alipewa na madereva wa malori, kwa sababu hakuna lori linaloingia wala kutoka bila yeye kulikagua mpaka dereva achoke. Ukimwambia una haraka, anakuuliza haraka hiyo umeianzia wapi. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, na mtu huyu namjua tangu anatambaa. Kwa hiyo nikisema ni mtu mwema, na nikisema amemharibia mwanawe maisha, yote mawili nina haki ya kuyasema.

Nianze na kazi yake, maana bila hiyo kazi huwezi kuelewa alichofanya. Kwenye ukuta wa lile ghala, kila kona, kuna kitufe cha chuma kilichopachikwa kwenye saruji. Mlinzi akiingia zamu anapewa kidude cha kushika mkononi. Kila saa lazima azunguke ukuta aguse vile vitufe kwa kile kidude, na ofisini wanaona kwamba kazunguka. Wezi waje wasije, hilo ni jambo jingine. Ofisi inauliza kitu kimoja tu: kona zote zimeguswa? Zikiguswa, umelinda. Zisipoguswa, hata kama umekodoa macho zamu nzima, hukuwepo kazini. Na walinzi wana utaratibu wao. Mwenzako akishikwa na tumbo au akipata mgeni, unachukua kidude chake unazunguka nacho. "Nigusie," ndivyo wanavyoombana. Kesho wewe ukikwama, naye anakugusia. Hakuna anayeuita huo uongo. Anayesemwa vibaya ni yule anayekataa kumgusia mwenzake.

Sasa mtu aliyeishi hivyo miaka yote, mpe shule inayohesabu mahudhurio kwa simu, uone.

Wifi yangu, yaani mke wa huyu kaka, alikuwa msusi. Mkono mwepesi, na mdomo mwepesi kuliko mkono. Ukikaa kwenye kigoda chake asubuhi, unainuka mchana na kichwa kipya na habari za mtaa mzima. Nilimpenda, ingawa tulikuwa tunachambana kila tukikutana, maana wifi asiye na maneno ni wifi gani. Walipata mtoto mmoja tu, binti, tena baada ya kuhangaika sana. Mimi ndiye niliyempa jina la Swali, kwa sababu tangu ajue kuunganisha maneno mawili hakunyamaza. Kwa nini uzi unakatika? Nani aliamua wiki ianzie pale inapoanzia? Ukimjibu, jibu lako linazaa maswali mengine matatu. Walimu wake walimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja. Alisema atakuwa daktari, na si kwa sababu kila mtoto husema hivyo. Alipelekwa zahanati siku moja akamuuliza daktari swali, daktari akampuuza, akaapa atakuwa daktari anayejibu.

Siku moja wifi alikuwa amesimama nyuma ya mteja, kitana mkononi, kitana kikamponyoka. Akainama kukiokota, hakuinuka. Kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na ule mdomo wote. Hospitali walimweka, wakafanya walichoweza, halafu wakamruhusu wakisema mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu. Karibu na nani, hawakusema. Kaka yuko langoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi nina cherehani na wanangu wanaoitegemea. Nilikuwa naenda Jumapili, namwogesha wifi, nafua, narudi. Siku nyingine zote alibaki Swali.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Alijifunza kumgeuza mama yake asipate vidonda vya mgongoni, kumlisha uji kwa kijiko akisubiri kila fundo lishuke, kumwelewa kwa macho. Shule akawa anakwenda siku mbili, haendi tatu. Mwalimu mkuu akamwita kaka. Hakuwa mtu mbaya yule mwalimu. Alisema tu, "Mzee, siwezi kuwa na mwanafunzi wa nusu nusu. Aje kama wenzake, au mtafute njia nyingine."

Njia nyingine ililetwa na dereva mmoja wa lori, ambaye mtoto wa ndugu yake alikuwa anasoma shule ya mtandaoni. Hakuna kengele, hakuna sare, hakuna kuchelewa. Mtoto anasoma saa anayoweza, alfajiri au jioni, Jumamosi au Jumapili, ilimradi wiki isifungwe kabla hajamaliza masomo yake. Somo lenyewe ni video. Ukiifikisha mwisho yanakuja maswali, ukiyapata unawekewa tiki ya kijani na umehesabiwa kuwa umehudhuria. Ukikosa unarudia mpaka upate. Kulikuwa pia na kipindi cha kuonana na mwalimu moja kwa moja kwenye simu, lakini hicho hakikuwa cha lazima, kwa kuzifikiria familia zenye shida. Na kwa nyumba yenye mgonjwa zilikuwepo nafasi za ufadhili. Mratibu wa familia, msichana mpole, alimweleza kaka kwa simu kwamba nafasi ile inalindwa na mahudhurio. Yakishuka ovyo, anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Mkizidiwa, akasema, tuambieni.

Kaka alisikia nusu ya kwanza. "Inalindwa," aliniambia, macho yanang'aa. "Na wanafuata ratiba yetu, dada. Yetu sisi." Sikuwa nimeiona furaha ile usoni kwake tangu mkewe aanguke.

Mh. Ratiba yetu. Ngoja nikuambie hiyo saa yoyote inakuwaje ndani ya nyumba ya watu. Mwenye saa maalumu anaheshimiwa. Kaka ana zamu, hakuna wa kumsumbua. Dawa za wifi zina saa zake, uji una saa zake, maji ya bomba yanatoka saa zake. Aliyeambiwa asome saa yoyote ndiye anayetumwa na kila mtu. Swali, wewe si upo tu, nishikie hiki, utasoma baadaye. Hata jirani akawa anamwachia mtoto wake mchanga anapokwenda sokoni, eti kwa kuwa yeye hana pa kwenda. Watoto wanaichukia kengele ya shule, lakini kengele ile inawaambia mama, jirani na shangazi kwamba huyu kwa sasa si wenu. Nyumbani kwa kaka haikulia kengele yoyote.

Na simu yenyewe ilikuwa moja, ya kaka, na kaka alikuwa anaondoka nayo kwa sababu ghala linampigia humo. Walipanga kwamba Swali atasoma jioni baba akirudi. Jioni ndipo mgonjwa anaogeshwa, ndipo nguo zinafuliwa, ndipo chakula kinapikwa. Mtoto akishika simu, mwalimu kwenye video hafiki dakika ya tano, kichwa cha mtoto kimeshaangukia kifuani. Kaka anamtazama, anamwonea huruma, anaizima. Kesho, mama. Kesho utasoma.

Ilipofika Jumapili moja ya mwezi wa kwanza wa masomo, kaka kapangwa zamu, yuko kibandani kwake langoni, simu ikaingia ujumbe: wiki inafungwa leo jioni, masomo sita hayajahudhuriwa. Hakuwa na namna ya kumpata mtoto. Simu ndiyo hiyo mkononi mwake. Akaangalia lango, hakuna lori. Akafungua somo la kwanza, akaliegemeza kwenye chupa ya maji, akaliacha liende. Maswali yakaja, akabahatisha, akakosa, akarudia, akapata. Tiki ya kijani. Akafungua la pili.

"Nimemgusia," aliniambia wiki iliyofuata, na alikuwa anajisifu.

Nilikwenda siku moja kumpelekea suruali yake ya kazi niliyoishona upya magotini. Kibanda chenyewe ni kidogo, kiti kimoja, meza ya ubao, dirisha la kutolea mkono. Nikamkuta kainamia simu, kofia kaisukuma nyuma.

"Unafanya nini wewe?"

"Nyamaza kidogo, dada. Niko hisabati."

Nilicheka, kwa nini nisicheke. Mtu aliyekimbia shule kwa sababu ya hisabati leo yuko hisabati. Halafu nikaacha kucheka. Nikamwambia, "Na yeye atajua saa ngapi hayo unayoyajua wewe?"

"Atajua akipata nafasi ya kupumua. Kwanza kiti chake kisiende kwa mwingine."

"Kiti bila mtu?"

"Dada, mtu atakuja. Kiti kikiondoka hakirudi."

Lori likapiga honi. Akatoka, akalizunguka, akapiga magurudumu kwa rungu lake, akamhoji dereva kuhusu turubai. Mwalimu kwenye simu akaendelea kuiambia chupa ya maji habari za pembetatu.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, na haikwenda wiki moja wala mbili. Muhula, na muhula mwingine, na mwaka ukageuka. Kila wiki ilifungwa ikiwa kijani tupu. Kaka akawa na utaratibu: asubuhi malori yakiwa mengi anaweka masomo marefu yajiendee yenyewe, mchana kukiwa shwari anajibu maswali. Mle nyumbani mtoto alikuwa akimwambia, "Asante, baba," na nadhani mwanzoni alishukuru kweli. Jumapili nikienda nilimkuta akiuliza, "Baba, nimefika wapi?" Baba anamwambia, umefika sura ya tano, na jiografia umepata nane kwa kumi. Mtoto anatabasamu, anakwenda kubadilisha shuka za mama yake.

Halafu akaacha kuuliza hata hilo. Sisemi alikasirika. Alinyamaza tu, yeye, Swali, na mimi nilisema moyoni ni uchovu.

Siku nyingine shule ilituma sauti ya pongezi. Yule mratibu alisema binti yenu ni mfano kwa wengine, kwa hali mliyonayo hajakosa hata somo moja. Kaka aliiweka karibu na sikio la wifi. Wifi alisikiliza yote, na upande mmoja wa uso wake, ule uliobaki na uhai, ukacheka, na machozi yakatoka upande wa pili. Akamtafuta mtoto kwa mkono wa kushoto. Swali akampa mkono. Nilikuwepo, nimesimama na beseni la nguo, nikatoka nje kuanika.

Wifi alifariki mwaka wa pili, asubuhi, Swali akiwa anamlisha. Fundo halikushuka. Mtoto alisubiri lishuke, kama alivyozoea kusubiri, akasubiri sana, ndipo akaelewa. Sitaki kuyaelezea ya msiba. Kaka alisema kitu kimoja tu cha kujipa moyo: "Angalau amekwenda akijua mtoto wake anasoma." Nilimeza maneno yangu, kwa sababu mtu hapigwi akiwa chini.

Baada ya watu kutawanyika nyumba ikawa na saa nyingi. Hakuna wa kugeuzwa, hakuna wa kulishwa. Mtihani wa mwisho ulikuwa miezi michache mbele, na jina la Swali lilikuwa limeshaandikishwa, mahudhurio kamili. Kaka alimnunulia simu yake mwenyewe, iliyotumika, kioo kina ufa pembeni. "Sasa mama," akamwambia, "sasa soma utakavyo."

Akaifungua. Kila mahali kijani. Umemaliza. Umemaliza. Mihula ya nyuma ilikuwa imefungwa, haifunguki tena hata ukigonga vipi. Zilizobaki wazi zilikuwa video za marudio ya mtihani, ambazo mwalimu anaanza kwa kusema, kama mnavyokumbuka. Swali hakukumbuka kitu, maana hakuwepo. Akajaribu kile kipindi cha kuonana na mwalimu. Mara ya kwanza anaingia, kamera imewashwa, kanga ya msiba bado kichwani. Akauliza swali la hisabati. Mwalimu akashangaa. "Hili si ulilipata mwaka jana? Naona hapa umepata tisa." Wenzake wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Swali akasema, "Samahani, mwalimu," akaizima kamera. Hakurudi tena.

Hapo kaka akaja na wazo lake. Akasema, kama mimi ndiye niliyehudhuria, basi mimi ndiye nitakayemfundisha. Wallahi alifanya hivyo. Jumapili ile niliwakuta mezani, yeye na kalamu, mtoto na daftari.

"Damu," anasema kaka, "inatoka kwenye moyo inakwenda kwenye mapafu. Huko inachukua hewa. Halafu inarudi."

"Inarudi upande gani, baba?"

Kaka akafikiri. "Hapo lori liliingia."

"Na baada ya lori?"

"Baada ya lori walikuwa wameshafika kwenye figo."

Mtoto alicheka. Mara ya kwanza tangu msiba, alicheka mpaka akashika tumbo, na kaka akacheka, na mimi pia. Kisha kicheko cha mtoto kikageuka, nikaona mabega yanatikisika bila sauti. Akalaza kichwa juu ya daftari. Kaka akabaki na kalamu hewani, hajui aiweke wapi.

Nikasema basi, kesho tunakwenda shuleni kwao.

Ofisi ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye viti vya plastiki na feni inayolia. Mratibu alikuwa yuleyule wa kwenye simu, mdogo kuliko nilivyodhani. Alisimama kumpokea Swali kwa mikono miwili, akampa pole ya mama yake. Alifurahi kweli kumwona. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kaka alivua kofia. "Mwalimu, tunaomba mtoto afunguliwe mihula ya nyuma. Anataka kurudia."

"Arudie nini, baba? Huyu hana somo hata moja alilokosa. Natamani wote wangekuwa kama yeye."

"Anataka kukumbuka tu."

"Mfumo ukishafunga muhula haufunguki kwa aliyehudhuria," akasema mratibu. "Tunaowafungulia ni wale waliozidiwa. Mwenye mgonjwa, mwenye msiba. Hao wakituambia tunawasimamishia masomo, miezi sita, hata mwaka, wakitulia wanaanza pale walipoachia. Nafasi yao haiguswi." Akamtazama kaka. "Nilikuambia siku ile, baba. Mkizidiwa, tuambieni. Nikawa nasubiri mseme. Nikiona kijani kila wiki, nikasema familia hii ni ya chuma."

Nilimwangalia kaka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiisha damu namna ile. Miaka miwili alilinda kiti ambacho mwanawe asingenyang'anywa. Angepiga simu moja, akasema mke wangu amelala kitandani, mtoto hawezi, Swali angekuwa leo yuko darasa la nyuma kwa mwaka mmoja au miwili, anauliza maswali yake, hana haya na mtu. Lakini umwambie mlinzi kwamba kuna kazi ambayo unaruhusiwa kusema sikuwepo? Hakulisikia neno hilo siku ile kwa sababu maisha yake yote hajawahi kulisikia.

Swali ndiye aliyezungumza. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, mimi sikuhudhuria."

Feni ikaendelea kulia. Mratibu hakuelewa, kisha akaelewa, na mikono yake ikatoka juu ya meza ikashuka mapajani.

"Hakuna hata moja," Swali akasema. "Nilikuwa na mama."

"Usiseme zaidi kwanza," mratibu akasema haraka. Akamgeukia kaka, na sasa alikuwa anazungumza polepole. "Baba, nisikilize vizuri. Hili likiandikwa leo, si suala la kuzidiwa tena. Ni majibu ya mtu mwingine kwa miaka miwili. Nafasi inafutwa, na jina lake linatolewa kwenye mtihani. Atatafuta shule ya kawaida, aanze alipoishia. Siwezi kuliandika nusu. Lakini yeye ni mtoto, anayethibitisha ni mzazi. Wewe unasemaje? Niandike?"

"Niandikie, mwalimu," Swali akasema.

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Mchungu, wa aibu, lakini mlango. Msichana wa miaka kumi na sita angekaa na wa kumi na nne, wangemcheka muhula mmoja, wangezoea. Alikuwa tayari. Nilimwona amekaa wima kwenye kile kiti cha plastiki, na macho yake yalikuwa yale ya zamani.

Kaka akasema, "Usiandike."

"Baba," Swali akasema.

"Mtoto ana msiba, mwalimu. Hajui anachosema. Alihudhuria. Yote alihudhuria."

"Baba, nakuomba."

"Nyamaza, mwanangu."

Na Swali akanyamaza. Yule mratibu alitutazama mmoja mmoja, akaja mpaka kwangu, na mimi nilifungua mdomo. Lakini mimi ni shangazi. Mzazi yupo, tena yupo mbele yangu, na kauli yake imeshatoka. Mratibu akasema atamwombea heri ya mtihani.

Tulipofika chini nilimshika kaka mkono nikamvuta pembeni, nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwita mjinga. Nilimwambia marehemu angekuwa na ulimi angemtemea. Nilitaka kumzaba kibao pale barabarani, na watu wazima wawili tungeaibika. Hakujitetea. Alisubiri nimalize.

"Dada," akasema, "nikikubali kwamba hakuwepo, mimi nilikuwa nalinda nini?"

Nikamwachia mkono. Swali alikuwa mbele yetu kwenye kivuli cha ukuta, anaangalia watoto wa shule wanaovuka barabara na sare zao, mmoja anamkimbiza mwenzake kwa rula. Tukamchukua tukaenda nyumbani.

Siku zilizobaki alijitahidi kwa video za marudio. Sitasema hakujitahidi. Nilimshonea gauni la kituo cha mtihani, rangi waliyotaka, maana hata shule isiyo na sare ikifika mtihani inataka sare. Nilipompima kiuno alikuwa amekonda mpaka nikapunguza mara mbili. Nikamuuliza, mama, unajisikiaje? Akasema, "Sijambo, shangazi." Tangu azaliwe nilikuwa nikimwomba aniache nishone kwa amani, asiniulize ovyo. Siku ile ningetoa cherehani yangu aniulize kitu chochote.

Siku ya karatasi ya kwanza, kaka alibadilishana zamu, akampeleka mwenyewe. Mimi nilifunika cherehani nikawafuata. Tulikaa nje ya ukumbi na wazazi wengine, kwenye ngazi, wengine wanaomba dua, wengine wanakula karanga. Kaka hakukaa. Alisimama karibu na geti muda wote, kama yuko kazini, na kila mlango wa ukumbi ulipofunguliwa aligeuka.

Muda ulipoisha wakatoka kwa makundi, wanapigiana kelele za majibu, wewe swali la nne umeandika nini. Swali alitoka nyuma ya wote, kalamu mkononi, kofia ya kalamu imesharudishwa juu yake. Kaka akamwendea.

"Vipi, mama? Ilikuwaje?"

"Nimeandika jina," Swali akasema. "Nimeandika na namba ya kituo. Nikasoma maswali yote, baba, mara mbili. Halafu nikakaa."

"Ukakaa?"

"Nikakaa mpaka kengele ikalia. Walisema anayetaka kutoka mapema atoke, mimi sikutoka." Alimwangalia baba yake, bila hasira, na hilo la kukosa hasira ndilo lililonimaliza. "Leo nimehudhuria mwenyewe."

Kaka akampokea ile kalamu. Kesho yake kulikuwa na karatasi nyingine, na wiki nzima iliyofuata. Swali alikwenda zote, hakukosa hata moja.